Tupokigwe Juu ya Ukuta wa Ghala

Tupokigwe alikuwa mshonaji katika ushirika wa akina mama pale Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka 1976, reli ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya na mji umejaa wageni, fundi mmoja wa simu aitwaye Philbert Kalinga aliingia ushirikani na turubai begani. Alitaka ashonewe mikanda mipana ya kiunoni, yenye mishono ya kurudiarudia.

"Ya kufungia ng'ombe?" Tupokigwe alimwuliza.

"Ya kufungia watu, dada. Ukimaliza uilete mwenyewe, utaona."

Philbert alikuwa mtu wa Iringa. Utotoni alichunga mbuzi kwenye miamba ya kwao, na ukubwani kazi yake ilikuwa kupanda nguzo za simu. Alipohamishiwa Mbeya alikuta ghala la kahawa lisilotumika, lenye ukuta mmoja wa mawe uliopita kimo cha nyumba zote za mtaa. Aliliomba kwa mwenyewe, akalipata. Yeye na Ngolo, seremala wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, wakapigilia vipande vya mbao ngumu ukutani, vya kushika na vya kukanyagia. Kamba ya katani ikapitishwa juu ya boriti. Ncha moja ilifungwa kwenye mkanda wa anayepanda, nyingine ikashikwa na mwenzake aliye chini, ili mpandaji akiteleza aning'inie tu asianguke. Hiyo ndiyo ikawa klabu.

Tupokigwe alipeleka mikanda akiwa na nia ya kurudi nyumbani mara moja. Badala yake alivalishwa mkanda mmoja, akapanda kidogo, akateleza, akacheka kama mtoto. Aliporudi alimweleza mumewe, Fanueli, karani wa stoo, kwamba mgongo uliomuuma kwa kuinamia cherehani umenyooka. Fanueli, ambaye hata ngazi ya paa aliipanda kwa woga, alikuna kichwa.

"Nenda basi. Lakini njiani uvae gauni juu ya hiyo kaptula. Unajua watu wa siku hizi wanavyowasakama wanawake kwa nguo."

Kaptula yenyewe ilikuwa ya Fanueli, ya kaki, ambayo Tupokigwe aliipunguza kiuno. Akifika ghalani alivua gauni, akalitundika msumarini. Jioni nyingi Fanueli alimpitia pale wakarudi pamoja.

Wanachama walikuwa na desturi ya kukaa kwenye magunia baada ya mazoezi na kusemezana. Philbert alipenda kuuliza kila mmoja anapenda nini na nini kinamkera. Ngolo alipenda kwamba pale hakuna aliyemwuliza kabila lake wala ng'ombe wa baba yake. Seni, kijana wa duka la baiskeli, alipenda kupigiwa makofi na watu wa njiani. Kilichowakera wengi kilikuwa vumbi la chokaa, kamba iliyochuna viganja, na Philbert mwenyewe, aliyempigia kelele mtu akiwa katikati ya ukuta.

"Mimi unanikera huu mlango," alisema Apolonia, muuguzi, mwanamke wa makamo. "Mnauacha wazi, kila apitaye anasimama kututazama miguu."

"Ukifungwa, wanachama wapya watatujuaje?" Philbert alimjibu. "Acha watazame. Leo anatazama, kesho anapanda."

Tupokigwe alikuwa upande wa Apolonia, lakini alinyamaza. Alikuwa mgeni, na aliogopa kuambiwa kwamba ameletewa neema anataka na mto wa kuegemea.

Baba mkwe wake, Mzee Jailos, alikaa Tukuyu. Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mke hamtaji mkwe jina, na wakikaribia kukutana njiani mke hujitosa migombani, akajifunika uso mpaka mzee apite. Tupokigwe aliishika mila hiyo hata mjini. Mzee alipotaka kuja alituma habari mapema, naye Tupokigwe alihamia jikoni uani, akapika, chakula kikapelekwa na Fanueli. Alimjua mkwe wake kwa sauti tu, iliyopita ukutani, nzito na ya taratibu.

Siku moja mzee alipata gari la ghafla la mtu wa kijijini kwake, akaja bila kutuma habari. Nyumbani hakukuta mtu. Jirani alimwambia kwamba jioni Fanueli hupitia kwenye lile ghala la kahawa. Hakumwambia kwa nini. Mzee akaenda, mkungu wa ndizi begani, akakuta mlango wazi na watu wengi ndani, akafikiri ni mkutano.

Tupokigwe alikuwa juu kabisa, vidole karibu na boriti. Ngolo alishika kamba.

"Samahani, namtafuta mwanangu, Fanueli," mzee alisema mlangoni.

Philbert alifurahi kupata mgeni. "Karibu, mzee! Fanueli hajafika, ila mke wake yupo. Yule pale juu!" Akanyoosha kidole.

Mzee aliinua macho kabla ya kufikiri. Wakati huohuo Tupokigwe, aliyeisikia sauti anayoijua, alitazama chini. Wakaonana. Alimwona mtu mwembamba mwenye mvi na kofia ya kahawia, na mtu huyo alimwona mke wa mwanawe akiwa na kaptula, mapaja nje, mkanda kiunoni.

Mkungu ulianguka. Mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso, akageukia upande mwingine. Huko juu Tupokigwe hakuwa na cha kujifunika, na hata angekuwa nacho, mikono yote miwili ilikuwa kazini. Alibandika uso kwenye mawe, akatamani yapasuke aingie.

"Umechoka, dada? Nikushushe?" Ngolo aliuliza.

"Usinishushe!"

"Usiogope!" Seni alipaza sauti. "Kamba ni nzima!" Watu wakaanza kumpigia makofi ya kumtia moyo, na kila kofi lilimchoma.

Apolonia ndiye aliyeelewa. "Nyamazeni nyote! Yule ni baba mkwe wake!"

Mzee alitoka akipapasa, kofia bado usoni, akagonga bega kwenye mwimo wa mlango. Mtu mmoja alicheka. Apolonia alifunga mlango, ndipo Tupokigwe akakubali kushushwa. Alivaa gauni nje ndani, wala hakuna aliyethubutu kumwambia.

Hakwenda nyumbani. Alijificha kwa Apolonia, kwenye nyumba za wauguzi, na Fanueli akamfuata huko. Alisimama mlangoni bila kuketi.

"Baba kaenda kulala kwa ndugu Uyole. Kesho anarudi Tukuyu. Hata maji hakunywa kwangu."

Tupokigwe alimsogezea kigoda, naye akakiacha.

"Umenivua nguo, Tupo. Mimi nitakwenda kijijini na uso gani?"

"Ni wewe uliyeniruhusu," alitaka kusema. Ilikuwa kweli, lakini haikumsaidia kitu. Si Fanueli aliyekuwa juu ya ukuta.

Ndizi aliziokota Ngolo, akazipeleka nyumbani kwao. Zilipikwa, Fanueli akala. Tupokigwe alionja tonge moja, akasukuma sahani.

Mji mkubwa, lakini habari ilifika ushirikani kabla yake. Wenzake walikatiza maneno alipoingia. Mmoja, akivuta uzi bila kumtazama, alimwuliza kama huko juu hewa ni nzuri, wengine wakaangua kicheko. Aliacha kupita barabara ya ghalani, akawa anazunguka mbali kwenda sokoni. Kaptula aliichana vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Kanisani alikaa nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa alihisi migongo ya watu inamtazama.

Masika yalipoanza, mama mkwe wake alifika peke yake, amelowa. Tupokigwe alipiga magoti kumpokea, na palepale machozi yakamtoka.

"Mama, nisamehe."

"Inuka, mwanangu. Sikuja kwa sababu yako, nimekuja kwa sababu ya mzee." Mama alijikamua maji ya kanga. "Haendi tena kwa wenzake. Wakimwita kwenye pombe anasema tumbo linamuuma. Nimembana mpaka akasema. Anasema aliingia nyumba ya watu bila hodi, akamwinulia macho mke wa mwanawe. Anaona yeye ndiye aliyekuaibisha."

"Mimi nilijua ananilaani."

"Akulaani? Ameniuliza kama unakula."

Tupokigwe alijifunika uso kwa kanga. Muda wote aliona aibu ni mzigo wake peke yake. Haikumjia kwamba huko Tukuyu yuko mtu mzima anayeinamisha kichwa kwa ajili ya jambo lilelile, na kwamba wawili hao, kwa mila ileile waliyoivunja, hawakuweza hata kuambiana pole.

Alichinja jogoo wake mkubwa, akampika kwa uangalifu, akamfunga kwenye majani ya mgomba. Fanueli alisafiri na kitoweo hicho pamoja na mama. Aliporudi, Tupokigwe alimsubiri avue viatu.

"Alikula?"

"Alikula."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alimaliza, akanyoosha sahani niongeze." Fanueli alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. "Halafu akanawa, akaenda kwa wenzake."

Baada ya hapo Tupokigwe alirudi ghalani, na gauni lake mwilini, akakaa kwenye magunia. Philbert alipomwona alishindwa kumtazama.

"Dada, hiki kidole changu," alisema, "ningeweza kukikata ningekikata."

"Kiache, kaka. Utakihitaji ukutani." Akasimama. "Siku zote unatuuliza tunachokipenda. Mimi napenda nikiwa pale juu, kichwa kinatulia, sina cherehani wala deni la mtu. Nisichokipenda alishakisema Apolonia, na mimi nilinyamaza. Mlango ufungwe. Anayetaka kuingia apige hodi."

Walibishana. Seni alisema bila watazamaji hakuna raha, akaacha kuja, na wenzake wawili wakamfuata. Kweli, wanachama wapya walipungua. Lakini Ngolo alitengeneza komeo, na baada ya muda wanawake wawili wa sokoni walikuja wakabisha hodi.

Tupokigwe alijishonea suruali pana ya kitenge, inayofika vifundoni. Siku aliyoivaa alipanda mpaka katikati ya ukuta, kisha masikio yakamwaka moto kana kwamba ghala zima limejaa wakwe. Mikono ilikuwa na nguvu bado. Akaomba ashushwe.

"Inatosha leo?" Ngolo aliuliza, akiachia kamba polepole.

"Inatosha," alijibu, akajifungua mkanda bila kumtazama mtu, akamfungia Apolonia, akaishika kamba.