Moto wa Mlangoni kwa Ketrina

Ketrina hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili, wala wa kuamrishwa hata mara moja. Ukimwomba chumvi anakupa na kibuyu chake. Ukimwamuru akupishe njiani, utazunguka wewe. Tunduma ya wakati wa Mwingereza ilimjua hivyo tangu akiwa msichana, kabla hajawa mlinzi wa kambi.

Na kambi yenyewe msidhani ilikuwa jambo kubwa. Kilikuwa kiwanja kando ya barabara, kimezungushiwa boma la miiba, ndani vibanda vya nyasi na moto katikati. Hapo ndipo walipolala vijana waliokwenda kwa miguu kwenye machimbo ya shaba kule Rhodesia, na ndipo walipolala wakirudi, wamebeba mablanketi, masufuria, na baiskeli ambazo wengine walikuwa bado wanazisukuma tu kwa sababu kuzipanda hawajui. Usiku wa mpakani miaka ile haukuwa wa mchezo. Simba alipita alipotaka, fisi hawakuwa na mapumziko, na wezi waliijua siku ya kijana kurudi kuliko mama yake aliyemzaa.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Rubeni, mume wa Ketrina. Waliilinda wote wawili, zamu kwa zamu, miaka mingi, bila mtoto, bila shamba la maana, nyumba yao ikiwa kile kibanda cha kwanza ukiingia. Kisha Rubeni akapata kichomi, akafa. Hata matanga hayajapoa vizuri, shemeji akaja.

Shemeji huyo aliitwa Fanueli, mdogo wake Rubeni, tarishi wa jumbe. Alikuwa na kofia nyekundu na rungu la kazi, na alivitembeza vyote viwili hata akienda chooni. Alikaa kwenye kigoda cha marehemu bila kukaribishwa, akasema, "Shemeji, nyumba haikai bila mwanamume. Nimekuja kukuchukua wewe na kambi."

"Mimi si blanketi la marehemu," Ketrina akamjibu. "Inuka kwenye hicho kigoda."

Kesi ikafika kwa Jumbe Yonathani, mzee aliyependa amani kuliko haki, kwa kuwa amani haimchoshi mtu. Alisikiliza, akakohoa, akatafuta njia ya katikati. Ketrina abaki kambini mpaka kipupwe kiishe, akasema. Lakini akipotea mtu mmoja usiku, au mzigo mmoja, basi kambi ni ya Fanueli, na mjane atahamia kwa Fanueli kama desturi inavyotaka.

"Na ukumbuke, mama," jumbe akaongeza, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, jumbe. Likivunjika nitachechemea nalo mwenyewe."

Watu barazani wakaziba midomo. Fanueli hakucheka. Alijua kipupwe ni kirefu, na katika kambi yenye watu wa kila kabila, kitu kupotea ni suala la kusubiri tu.

Basi Ketrina akalinda. Sheria zilikuwa zile zile za Rubeni, ila yeye alizikaza. Jua likizama, mlango wa boma unazibwa kwa matawi ya miiba. Nje ya mlango kuna moto mdogo na rundo la kuni kando yake, ndio moto wa mlangoni. Ukichelewa njiani usipige kelele. Unachukua kuni, unatia motoni, unataja jina lako na kwenu, unapitisha silaha yako kwenye upenyo. Hapo Ketrina anavuta miiba unaingia. Tangu hapo wewe ni mtu wa kambi mpaka jua litoke. Hakuna wa kukugusa, wewe humgusi mtu, na hutoki.

Sheria hiyo Rubeni hakuitoa hewani. Nyumba za kwao, mtu haoti moto wa mwenzake mikono mitupu. Mtoto akijisogeza motoni bila kijiti chake anapigwa konzi, analia, na kesho anakuja na kijiti. Na ukishatia kuni yako kwenye moto wa mtu, usiku huo ninyi ni nyumba moja. Mtoto wa kule anayajua hayo kabla hajajua kufunga nguo.

Asubuhi nako kulikuwa na taratibu. Mgeni anayeondoka husimama mlangoni, anatangaza kwa sauti: "Nimelala, nimeamka, sijapungukiwa." Akishasema ndipo anapewa silaha yake. Maneno hayo yaliifikisha sifa ya kambi mpaka Kamsamba na Ndalambo, na vijana wakawa wanapita kambi nyingine mbili, miguu imevimba, ili tu wakalale kwa Ketrina.

Kipupwe kikasogea. Fisi alikuja akapigwa kijinga cha moto usoni. Mwizi mmoja alijipenyeza chini ya miiba, akakutwa amekwama kiunoni, akaachwa hapo hapo mpaka alfajiri. Kila asubuhi Fanueli alipita barabarani akitengeneza kofia.

"Shemeji! Hakuna aliyepotea?"

"Imepotea aibu yako tu, shemeji, nayo haikulala hapa."

Anacheka kwa meno, anakwenda zake. Lakini siku zilikuwa zinamwishia, na moyo ulikuwa unamchemka. Kikulacho ki nguoni mwako, na Ketrina alijua hivyo. Usiku alikuwa akijiuliza itakuwaje akishindwa, alale nyumba moja na mtu huyo, ampikie, amwitikie. Akifikiri hayo anainuka kukagua miiba upya, hata kama ameikagua sasa hivi.

Kipupwe kikiwa ukingoni, habari ikaja kwamba bwana shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, anapita na mizigo yake, na anataka wapagazi. Jumbe akamwagiza Fanueli awatafute kukicha. Kukicha, alisema jumbe. Fanueli akaona mlango umefunguka. Akimkamata msafiri kambini kwa Ketrina usiku huo huo, mpagazi amepatikana, na mtu amepotea kambini usiku. Ndege wawili, na jiwe analo.

Akaja na vijana wawili wa kijijini, Ipyana na Efraimu. Upepo ulikuwa ule wa Tunduma unaoingia mpaka kwenye meno, nao kwa haraka yao hawakubeba hata blanketi. Hawakuhodisha. Efraimu alishika tawi la miiba alivute, akapigwa fimbo ya vidole kutoka ndani.

"Nani huyo anafungua mlango wangu kama chungu cha mama yake?"

"Ni mimi, shemeji. Kazi ya serikali. Nataka wapagazi, na nitaanza na yule wa Kamsamba aliyeingia jioni."

Wa Kamsamba alikuwa Amoni, kijana aliyetoka machimboni na goti bovu. Alikuwa akirudi kwao polepole na blanketi moja na mwavuli aliomnunulia mama yake. Kambi nzima ilikuwa imeamka. Amoni akajiinua kwa fimbo, akasogea mlangoni akinong'ona, "Mama, acha nitoke. Nisikuletee balaa."

"Kaa chini!" Ketrina akamfokea. "Nani kakwambia balaa ni lako? Ni langu, nimelizoea."

Akaweka mdomo kwenye upenyo wa miiba. "Shemeji, serikali inaamka asubuhi. Jua likitoka njoo useme yote. Usiku huu hatoki mtu."

"Nitakaa hapa hapa mpaka ufungue."

"Kaa. Barabara ni ya mfalme."

Wakakaa, wote watatu, kwenye ule moto wa mlangoni. Ketrina naye akakaa upande wake wa miiba, shuka begani, macho kwenye upenyo. Wakiamua kuvamia, watu wake walikuwa na mikono tu, silaha zao zote zilining'inia kibandani kwake kama sheria ilivyotaka. Alimwomba Mungu, kisha akamwambia marehemu Rubeni kimoyomoyo kwamba mdogo wake ni mjinga, na kwamba hilo alipaswa kumwambia yeye angali hai.

Moto nje ukaanza kufa. Efraimu aliangalia rundo la kuni, akaangalia pembeni. Ipyana akajikunyata akakumbatia magoti. Wao walikuwa watu wa pale, walijua mkono wao ukigusa zile kuni maana yake nini. Fanueli naye alijua. Ila alikuwa amevaa kofia, na kofia ilimfanya afikiri mambo mengine. Alikuwa anafikiri asubuhi, namna atakavyomweleza jumbe, namna Ketrina atakavyobeba vyombo vyake kichwani. Upepo ukavuma. Meno yakagongana. Akaupeleka mkono kando bila hata kuangalia, kama alivyoupeleka tangu utotoni kila alipoona moto unazimika, akachukua gogo, akalitia.

"Kuni imeingia!" Ketrina akapiga kelele, sauti ikasikika mpaka barabarani. "Taja jina lako na kwenu!"

Ndani watu wakaangua kicheko. "Karibu, mgeni!" akapaza mmoja. "Mwapoleni, mukwai!" mwingine akamkaribisha kwa Kibemba cha machimboni.

Fanueli aliruka kama aliyekalia siafu. "Mambo ya wanawake hayo! Ipyana, Efraimu, ng'oeni miiba tumchukue mtu!"

Ipyana hakuinuka. Alikuwa ameangalia lile gogo linavyoshika moto. "Kaka, umetia kuni," akasema taratibu. "Yule kijana na sisi sasa ni moto mmoja. Mimi simgusi. Mama yangu bado yu hai, nitamwambia nini?"

Akachukua kuni yake, akaitia, akataja jina na kwao, akapitisha rungu kwenye upenyo. Efraimu akafuata, huku akipuliza vile vidole vyake. Ketrina akavuta miiba, wakaingia, wakapewa nafasi motoni.

Fanueli akabaki nje na kofia yake. Aligeuka aende zake, lakini Ketrina alikuwa amesimama kwenye mwanya wa mlango, fimbo mkononi.

"Unakwenda wapi? Umetia kuni, wewe ni wangu mpaka jua litoke. Jumbe amesema asipotee mtu kambini usiku. Ukiondoka sasa, mgeni wangu amepotea. Mimi siwezi kukubali hasara hiyo, shemeji. Ingia, au nipige yowe kijiji kizima kije kuona tarishi anayekimbia moto aliouchochea mwenyewe."

Fanueli akatazama upande wa kijiji. Akatoa rungu. Akaingia. Mahali palipobaki palikuwa kando ya Amoni, na Amoni, mtoto aliyelelewa, akamfunika nusu ya blanketi lake. Fanueli alilipokea.

Ketrina hakulala hata kidogo. Alizunguka boma mpaka jogoo wa kwanza, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko usiku wowote tangu azike.

Jua lilipochomoza, wageni wakapanga mstari kama kawaida. Amoni alitangulia kwa ajili ya goti lake. "Nimelala, nimeamka, sijapungukiwa!" Akachukua fimbo na mwavuli, akashika njia ya Kamsamba. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Ndipo Jumbe Yonathani akatokea barabarani, amejifunga shuka, anatafuta wapagazi wake. Akakuta tarishi wake ndani ya boma, majani ya kulalia kichwani, bakuli la uji wa ulezi mkononi.

"Fanueli, unafanya nini humo?"

"Amelala kwangu, jumbe," Ketrina akajibu. "Nimemlinda vizuri. Hesabu watu, hesabu mizigo. Ukikuta kimepungua hata kijiko, kambi mpe. Na wapagazi kama unataka, wapo watatu hapa, wameshiba."

Jumbe akaangalia vibanda, akaangalia mablanketi yanayotoka. Akamwangalia Ipyana, ambaye alikuwa amebana kicheko mpaka machozi. "Kipupwe kimekwisha," jumbe akasema mwishowe. "Kambi ni ya Ketrina. Na mwenyewe ni wake mwenyewe."

Fanueli akafika mlangoni, wa mwisho. Akanyoosha mkono apewe rungu. Ketrina alilishika kwa mikono miwili, hakulitoa.

"Nimelala, nimeamka," Fanueli akanung'unika chini chini, "sijapungukiwa."

"Sijasikia, shemeji. Na jumbe yuko mbali, hajasikia."

Barabara yote ilikuwa imesimama. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nimelala! Nimeamka! Sijapungukiwa!"

"Haya." Ketrina akampa rungu lake, na kofia aliyoisahau motoni. "Karibu tena. Kuni zipo."