Kilemba cha Fundi Wangu

Miaka sita nilikaa kwa fundi wangu wa kukalafati vyombo, pale Chole. Kazi yetu ilikuwa kushindilia pamba yenye mafuta ya papa katikati ya mbao, maji yasipenye. Nilipotoka shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, sikujua hata kushika patasi. Mwaka wa sita, nikisikia mlio wa nyundo tu, nilijua pamba imekaa au haijakaa.

Nikataka kufungua kazi yangu Bwejuu, kwao mama, ambako hapakuwa na fundi. Desturi yetu, anayetoka kwa fundi wake humvika kilemba mbele ya watu na kuomba radhi kwa sauti. Kitambaa nilinunua. Kusema mbele ya watu ndiko kulikonishinda. Kila Ijumaa nilikwenda nacho kwa fundi kikapuni, na kila Ijumaa nikarudi nacho. Mwisho nikavuka kwenda Bwejuu bila kuaga.

Nilijenga kibanda, nikapanga zana. Jirani yetu, mvuvi, akaja kutazama.

"Fundi wako umemvika kilemba?"

"Bado."

"Basi na mimi bado," akasema, akaipeleka mashua yake Chole.

Wengine wakamfuata. Mwezi ukaisha sijagusa chombo. Mama akaniuliza kama nitarudi kwa fundi. Nikamwambia sirudi, kazi naijua.

Asubuhi moja, maji yamejaa, fundi wangu akaingia na mashua yake mwenyewe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Habari za kibanda chako nimezipata kwa muuza pweza. Hata pweza wamejua kabla yangu." Watu wakacheka, nami nikainama. "Mashua yangu inavuja. Fundi wa hapa ni wewe, au nimepotea njia?"

Maji yalipokupwa nikaanza kazi. Yeye alikaa kivulini akitafuna tambuu. Hakunielekeza hata mara moja, jambo ambalo Chole hakuliweza siku zote sita za juma. Nilipomaliza akamwita jirani yetu.

"Mwaga maji humo ndani, ndoo kwa ndoo."

Jirani akamwaga mpaka akachoka. Watu wakainama chini ya mashua, wakapapasa mbao. Zilikuwa kavu.

Nikaingia kibandani, nikatoka na kitambaa. Kilikuwa kimeshika mikunjo na kinanuka mafuta ya papa. Nikamvika. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga, likatoka moja.

"Radhi."

"Unayo," akasema, akawageukia watu. "Ulimi wa kijana huyu mzito, mkono wake mwepesi. Wa Bwejuu atakayeniletea chombo Chole, nitamrudisha huku huku."

Jirani yetu akamwuliza yeye, "Basi yangu niipandishe lini?"

Fundi akanitazama mimi, na watu wote wakanitazama.

"Kesho," nikasema, "maji yakijaa."