Jina la Mdudu wa Jiwe

Mama anayetunza chumba cha mawe pale makumbusho hana ugomvi na mtu kuhusu jina. Mgeni akiliita kombe la jiwe lililojiviringa kama konokono "amonaiti", naye anasema amonaiti. Akija wa "amoniti", anaitikia vilevile, huku kitambaa chake kikizunguka kwenye kioo kisicho na vumbi. Aliishi hivyo kwa amani mpaka siku walipoingia maprofesa wawili kwa pamoja, wakasimama mbele ya mdudu wa baharini aliyegeuka jiwe zamani za kale. "Trailobaiti," akasema wa kwanza. "Trilobiti," akasema wa pili, na sauti zikapanda hadi wageni wengine wakasogea kusikiliza. Mwishowe wakamgeukia yeye. "Mama, wewe unashinda naye kila siku. Anaitwaje hasa?" Akimkubali huyu, amemvunjia heshima yule. Akafuta kioo taratibu, akafuta tena, kisha akasema kwa adabu, "Mimi namwita Shemeji, waheshimiwa."

Maprofesa wakatazamana. "Kwa nini Shemeji?"

"Aliletwa akae wiki mbili tu," akasema. "Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na hajagusia habari ya kuondoka."