Gumba la Gaudiosa

Gaudiosa wa Nshamba, wilayani Muleba, alikuwa akimenya ndizi kwa kasi ambayo wanawake wenzake walishaacha kushindana nayo. Lakini mwaka jana, alipotimiza miaka arobaini na mmoja, mkono wake wa kulia ulianza ukaidi.

Yalianza maumivu madogo kwenye shina la kidole gumba. Kisha kisu kikawa kinamponyoka. Siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani kilimponyoka mara tatu, na mara ya tatu kikaangukia kiatu cha katekista. Watu walicheka. Gaudiosa naye alicheka, halafu akaenda nyuma ya jiko akalia kidogo.

Katika hospitali ya karibu alipigwa eksirei kiganja kikiwa kimelazwa mezani. Mifupa ikaonekana mizima. "Ni baridi tu," watu wakamwambia.

Mdogo wake, Joanitha, mwalimu wa shule ya Kahororo, hakuridhika. Alimwita Bukoba, akampeleka hospitali nyingine. Mtaalamu wa eksirei wa huko, Mutalemwa, alianza na maswali.

"Mama, kinauma ukifanya nini?"

"Nikimenya ebitoke, hizi ndizi zetu, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Na ukiwa umekaa tu?"

"Hakiumi hata kidogo. Lakini nani ataniacha nikae?"

Mutalemwa akacheka. "Basi tukikipiga picha kimepumzika, kitatudanganya. Tukipige kikiwa kazini."

Akamwambia aviweke vidole gumba vyake viwili ubavu kwa ubavu, avisukumanishe kwa nguvu zote, asiachie mpaka amwambie. Gaudiosa alisukuma mpaka jasho likamtoka.

Kisha daktari wa hospitali hiyo aliwaonyesha Gaudiosa na Joanitha picha. Gumba la kushoto lilikuwa limetulia mahali pake. La kulia, mfupa wake wa chini ulikuwa umeteleza pembeni, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa benchi.

"Kano zinazoushikilia zimelegea," alisema. "Lakini kiungo chenyewe bado hakijasagika. Umekuja mapema, mama."

"Mapema? Nimeumia tangu msimu wa kahawa!"

"Wengine huja baada ya miaka kumi, na hapo tunazungumza habari za upasuaji."

Gaudiosa alitoka na kifaa cha kushikilia gumba cha kuvaa wiki sita, mazoezi ya kuvuta ukanda wa mpira kwa vidole, na agizo la kutafuta kisu chenye mpini mnene. Mazoezi hayakumshinda. Kilichomshinda ni kukaa kwenye kigoda akitazama wengine wakimenya vibaya.

Ikabidi mumewe, Protase, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kushika kisu cha jikoni, afundishwe. Majirani walikuja kuangalia, wakaleta na viti.

Miezi minne baadaye kisu hakimponyoki tena Gaudiosa. Anamenya sufuria moja, kisha anapumzika, na Protase anaendelea na ya pili. Nusu ya kila ndizi anaiacha kwenye maganda. Mbuzi wao wamenenepa sana.