Inchi Mbili za Kiuno cha Mama Mkwe

Nikipita sokoni Kibondo mpaka leo wapo wanawake wanaoinua vidole viwili, wanaviachanisha kidogo, halafu wanaangua kicheko, na mimi nainamisha kichwa nanunua nyanya zangu naondoka, kwa sababu wana haki yao. Mimi ndiye niliyemwekea mama mkwe wangu msiba akiwa hai. Bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kijijini kwetu Kitahana, maana wale wanaongeza chumvi.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu Ezekia yuko Kasulu kwenye kazi zake, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mwanangu Jeska wa miezi minane, na Mama, yaani mama yake Ezekia, ambaye ndiye anambeba Jeska mimi nikiwa kwenye mashine. Bila huyo mama mimi sishoni hata kitufe. Sasa siku moja akaanza kulalamika ubavu unamuwaka, akasema ni jembe, kesho yake ni jembe, siku ya tatu nguo ikimgusa tu anaruka, namfunua naona malengelenge yamejipanga kutoka uti wa mgongo mpaka karibu na kitovu, upande wa kulia. Mkanda wa jeshi.

Nikamwambia twende zahanati leo leo. Akakataa. Na hakukataa kwa ujinga, nimtetee hapo, alikataa kwa aibu. Aliniambia, "Mukazana wanje" (ndivyo anavyoniita, mkwe wangu, hiki Kirundi chao hakijaisha ingawa vitambulisho vya Tanzania wanavyo), "nikionekana pale na mkanda watasema nimeungua, nina UKIMWI. Mume wangu alishakufa, nitajitetea kwa nani?"

Basi akaamua kujipaka majivu ya maganda ya ndizi. Na majirani wakaja na ile habari yao (msijifanye kwenu haisemwi) kwamba mkanda ukizunguka kiuno ukakutana, mtu anakufa, kwa hiyo apimwe kila asubuhi ijulikane umebaki ngapi kukutana. Na mwenye futi ni nani? Ni mimi, mwenye kidato cha nne changu na C ya Biolojia.

Nikapima. Siku ya kwanza umebaki inchi ishirini na nane. Siku ya pili ishirini na tano. Siku ya tatu ishirini na mbili. Wanawake wanapita uani na ndoo zao wanauliza ngapi leo, kama wanauliza matokeo ya mpira. Kikundi cha maombi kinafuata futi yangu: kwenye ishirini na nane waliimba, kwenye ishirini na mbili wakafunga kula. Na mimi hasira zimenijaa mpaka utosini, kwa sababu huyu mtu anateseka mbele yangu, hali chakula, hambebi Jeska, zahanati iko mwendo wa dakika ishirini.

Siku ya nne napima, ni ishirini na mbili vilevile. Hapo ndipo nilipofanya kaujanja kangu. Nikasema nimtishe kidogo aende hospitali. Ile ishirini nikaimeza, nikatamka mbili tu.

"Mama, zimebaki mbili."

Nilitegemea atasema twende. Akavuta kanga yake, akasema sasa zahanati ya nini, kwa inchi mbili? Nimwitie watoto.

Kabla sijafungua mdomo jirani aliyekuwa mlangoni alishapiga simu Kasulu, Kasulu wakapiga Muyama, Muyama wakapiga Munanila, na kufikia saa sita mchana habari ilikuwa Mama kesho hafiki. Nikajiambia nitasema ukweli wakipungua watu. Watu wakaongezeka. Vijana wa kanisa wakafunga turubai. Kuni zikaja, maharage yakabandikwa, kwaya ikakaa kwenye mkeka na nyimbo za maziko. Shangazi Klotilda, dada yake marehemu baba mkwe, akashuka kwenye gari la kukodi kutoka Munanila akilia kuanzia barabarani, na Ezekia akafika kwa bodaboda, mwekundu kwa vumbi, akanikumbatia mbele za watu akaniambia ahsante umemuuguza mama yangu. Mnaelewa nilivyojisikia? Nilikwenda kukoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

Mama mwenyewe alikuwa ametulia kuliko wote. Aligawa vitenge. Alimsamehe Klotilda ugomvi wa shamba la mihogo wa miaka mingi. Halafu akataka aletewe Jeska ambariki, akamvua nguo, akamlaza kifuani na tumboni, ngozi kwa ngozi, juu ya malengelenge, mengine yameshapasuka. Nami nimesimama na mwiko, namtazama.

Hapo akaingia daktari wa zahanati, kijana wa Tanga aliyehamishiwa huku, ameona turubai akaja kutoa pole. Akavua kofia, akauliza kwa upole, "Marehemu ni nani?"

"Ni mimi," Mama akasema. "Karibu ukae."

Alipoelezwa, kitu cha kwanza alimwondoa Jeska pale tumboni haraka. Kisha akataka futi. Akampima Mama ndani, mlango wazi, akasoma kwa sauti ya mwalimu: "Ishirini na mbili. Nani alipima mbili?"

Kwaya nzima ikageukia mlango. Nikainua mkono, kama shuleni.

"Na kiuno chake chote ni ngapi, fundi?"

"Arobaini na nne," nikasema, na hapo hapo nikajiona mjinga. Nusu. Mkanda ulifika katikati ukasimama, na kiuno hicho nilikijua, gauni lake la Pasaka nililishona mwenyewe. Daktari akawaeleza wote: huu ni tetekuwanga ya utotoni, haitoki mwilini, inalala kwenye mishipa ya fahamu, mtu akizeeka au kinga ikishuka inaamka na kufuata mshipa mmoja wa upande mmoja. Mama yetu umri tu ungetosha kuuleta. Hauvuki kwenda upande wa pili ukakutana. Cha kupima ni siku, dawa inataka ianzwe ndani ya siku tatu za kwanza, na sisi tulizitumia kuimba.

Nikamuuliza, kwa hasira maana nilihitaji wa kumkasirikia, kwa nini hakuna chanjo. Akasema ipo, kwa watu wazima wa kuanzia miaka hamsini, ila zahanati yake haina, tuulize hospitali kubwa, na Mama apone kwanza. Nimempeleka Jeska kliniki mara ngapi, nimefundishwa surua, nimefundishwa polio, hakuna aliyewahi kunitajia chanjo ya bibi yake!

Shangazi Klotilda aliondoka bila kuniaga, na ugomvi wa mihogo akaufufua. Ezekia hakunisemesha siku mbili. Wiki mbili baadaye Jeska akajaa vipele mwili mzima: tetekuwanga, zawadi ya baraka zile, yaani zawadi yangu. Alipona. Lakini sasa imelala ndani yake na yeye, na namwombea siku atakapofikisha hamsini chanjo iwe imefika Kitahana.

Nimeapa futi yangu haitagusa mwili wa mtu ila kwa ajili ya nguo. Juzi Mama, mzima sasa ingawa nguo ya kubana haiwezi, alitaka gauni jipya. Nikampima, nikamwambia arobaini na nne. Akaniangalia. Akaichukua futi mkononi mwangu taratibu, akaenda nayo kwa jirani kupimwa upya.