Siku Mabingwa wa Fensing Walipokuja Kutujengea Uzio

Kama mnataka kunicheka, nichekeni sasa hivi tuyamalize, maana kule kwetu hadi leo nikipita sokoni Lukozi kuna watu wazima wananiita Mwalimu Uzio, na wala hawanitanii, wameshasahau tu kwamba wazazi wangu walinipa jina jingine.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi, siku zile za Ujamaa vijiji vikiwa bado vipya na kila jambo linaanza na mkutano. Kijiji chetu kiko juu ya Lukozi, kwenye njia ya kwenda Mtae, na shamba letu la pamoja, mahindi na maharage, lilipakana na uwanja wa shule upande mmoja na msitu upande wa pili. Huko msituni ndiko walikotoka nguruwe pori, nao walikuwa wajamaa kuliko sisi, wanakuja pamoja, wanakula pamoja, wanaondoka pamoja. Aliyeumia zaidi alikuwa Bibi Rebeka, mjane, ambaye kashamba kake mwenyewe kalikuwa mle mle kandokando, na alishachoka kupiga debe kuwafukuza. Msimu uliopita alivuna kikapu kimoja. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Singano, akanituma Lushoto mjini nikaombe seng'enge za kuzungushia shamba (nilikuwa mimi ndiye msomi wa kijiji, na msomi kazi yake kutumwa).

Ofisini nikamkuta ofisa mmoja amejaa kazi hadi masikioni. Nikamwamkia, nikaeleza habari ya nguruwe, nikaomba seng'enge. Akasema seng'enge hakuna, tusubiri. Halafu, nikiwa nimeshageuka kutoka, akaniita.

"Mwalimu, afadhali umekuja. Nyie si mna uwanja tambarare kule shuleni?"

Nikasema tunao, tena kwa majivuno, maana Usambara sehemu tambarare ni mali.

"Basi Jumamosi nawaletea wageni. Vijana kutoka nchi rafiki ya Ulaya, mabingwa wa fensing wa kimataifa. Wametoka Tanga, wanataka kuona milima. Waandalieni mahali."

Hapo ndipo palipoharibika. Kiingereza nyie mnakijua, kina maneno ya ubahili, neno moja linafanya kazi mbili. Fensi mimi naijua, ni uzio, kila mtu anaijua, na nimetoka kuomba uzio dakika ile ile. Lakini hiyo "mabingwa wa kimataifa" ilinigonga kidogo, nikataka kuuliza, mabingwa kivipi? Ofisa akanitazama na kusema, "Umenielewa, siyo?" na pale kwenye benchi walikuwapo walimu wengine wawili wananitazama pia, nami nikaona haya mwalimu mzima kuuliza neno la Kiingereza mbele ya walimu wenzangu, nikatikisa kichwa kukubali. Ni hivyo tu. Nilitikisa kichwa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natengeneza hadithi kichwani, na kufika nyumbani ilishakuwa ukweli. Kwenye mkutano nikasimama, nikasema seng'enge hakuna, ila serikali imetuletea kitu bora zaidi, mafundi vijana wa kujenga uzio, mabingwa wa dunia. Mzee mmoja akauliza, "Wazungu wanashindana hata kujenga uzio?" Nikamjibu bila kupepesa kwamba wenzetu wanashindana kila kitu, hata kukata magogo (hilo niliwahi kulisoma, kwa hiyo nilijiona nina ushahidi). Bibi Rebeka alinishika mkono akanibariki, na mkono wake ulikuwa mgumu kama gome.

Wiki ile watu waliacha vibarua vyao. Wanaume walikata nguzo za miti ya miwati wakazirundika kando ya uwanja, kina mama wakasuka kamba za katani, wanafunzi wangu wakachimba mashimo mstari mmoja kutoka golini hadi kwenye shamba, ili wageni wakifika wasipoteze muda. Mimi ndiye niliyepima mstari.

Jumamosi ukungu ulipoinuka, Landrova ikapanda. Akashuka mwalimu wao, mtu wa makamo mwenye ndevu, halafu vijana watatu, wavulana wawili na msichana mmoja mrefu, mwembamba, anaitwa Ilona, umri kama wa mwanafunzi wa sekondari. Dereva aliwahi kusema shikamoo kwa wazee, kisha akalala kwenye usukani, kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa na Kiswahili na Kiingereza pale uwanjani nilikuwa mimi. Walishusha mifuko mirefu ya turubai, na watu wakanong'onezana, nami nikawanong'oneza, "Vifaa hivyo."

Mzee Singano akahutubia. Akasema tunawashukuru kwa kutoka mbali kuja kufanya fensing kwetu, na nguvu kazi yote ya kijiji ipo, waseme tu. Nikatafsiri. Na hapa msinionee sana, maana nilitafsiri vizuri kabisa, na yule mwenye ndevu akafurahi, akajibu kwamba vijana wake wamefanya fensing katika nchi nyingi, na huyu Ilona ndiye wa kwanza kwa wasichana wa umri wake Ulaya nzima. Nikawaambia watu, huyu binti amejenga uzio nchi nyingi, amewashinda wasichana wote wa Ulaya. Wakapiga makofi. Ilona akainama kwa heshima.

Yule mzee wa siku ya mkutano akataka kujua, uzio wao huwa na urefu gani?

Nikauliza. Mwenye ndevu akajibu mita kumi na nne.

Watu wakatazamana. "Kumi na nne tu?" akasema mzee. "Na huo ndio uliompa ubingwa? Banda langu la mbuzi linazidi hapo."

"Muulize unamchukua muda gani," akasema Mzee Singano.

Nikauliza. Akajibu, dakika tatu.

Nyie, vidole vikaanza kukunjwa. Watu wote walikuwa wanapiga hesabu. Mita kumi na nne kwa dakika tatu, basi shamba zima linakwisha kabla ya chakula cha mchana. Bibi Rebeka akauliza wanafanya wangapi kwa wakati mmoja, nikaambiwa wawili wawili, wakitazamana, nikawaambia watu, mmoja anakaa upande wa ndani na mwingine wa nje, maelezo ambayo niliyatoa kichwani mwangu mwenyewe na yakakubalika. Wanatumia nini? Chuma. Kirefu kiasi gani? Mwenye ndevu akaonyesha kwa mikono, hakifiki hata mita moja.

"Kifupi," akasema Bibi Rebeka taratibu. "Nguruwe ataruka."

Hilo sikulitafsiri. Nilishaanza kuhisi jasho, na kule kwetu asubuhi hakuna jua la kumtoa mtu jasho. Nikawaomba wageni waanze, nikamwonyesha Ilona shimo la kwanza. Akalitazama shimo, akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu anayeonyeshwa mila asiyoifahamu. Halafu wakafungua mifuko.

Zikatoka nguo nyeupe nene. Zikatoka barakoa za waya mweusi kama chekeche, na watu wakasema aa, hawa ni warina asali pia. Kisha vikatoka vitara, yale mapanga ya kivita. Vyembamba, virefu, vinang'aa, na Ilona akachukua kimoja akakipinda hadi kikawa kama upinde, kikarudi kikanyooka, kikalia hewani.

Kina mama wakarudi nyuma hatua kadhaa. Mzee Singano hakurudi. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu. Hivi ndivyo vigingi?"

Nikamwendea mwenye ndevu, nikamwuliza kwa Kiingereza changu chote, hiyo fensing yenu ni ya nini hasa? Akanionyesha. Akasimama kiubavu, akakunja magoti, akanyoosha mkono, akamchoma kijana wake kifuani polepole, wote wawili wakacheka. Ni mchezo. Watu wawili wanachezea vitara kwenye njia ya mita kumi na nne, dakika tatu, atakayemgusa mwenzake mara nyingi ndiye mshindi. Nikamwambia na yeye upande wetu, zile nguzo, yale mashimo, nguruwe. Alisikiliza hadi mwisho, akashika ndevu zake, na alipowaeleza vijana kwa lugha yao Ilona aliziba mdomo kwa glavu.

Kuwaambia wazungu ilikuwa rahisi. Kuwageukia watu wangu ndiyo kazi. Nilisema, "Ndugu zangu, nimekosea neno. Hawa si mafundi wa uzio. Ni wacheza vitara." Nilitegemea zogo. Hakuna aliyefoka. Bibi Rebeka alikuwa amekalia nguzo moja ya mwati, akasema tu, kana kwamba anajisemea, "Kwa hiyo nguruwe wanakuja jioni kama kawaida."

Afadhali angenitukana.

Mzee Singano alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mpole, na adhabu zake zilikuwa za kipole, ndiyo maana zilikuwa zinauma. Akasema wageni ni wageni, wamekuja na mchezo wao, tutautazama. "Ila mwalimu ndiye atakayeanza. Alifahamu vizuri neno lenyewe."

Wakanivika. Koti jeupe lilinibana kwapani, barakoa ilinuka jasho la watu nisiowajua, na ndani yake dunia yote ni vitobo vitobo. Ilona akanionyesha jinsi ya kukishika kitara, akarudi nyuma, akaniamkia kwa kukiinua mbele ya uso, nami nikamwinulia, na kwa sekunde moja, nakiri, nilijiona mtu. Kisha akanigusa begani. Sikumwona akija. Akanigusa tumboni, akanigusa mkononi, tena begani, na darasa langu zima likaanza kuhesabu kwa pamoja kama nilivyowafundisha, wakati mimi kitara changu kinafukuza inzi. Nikaona heri nirudi nyuma. Nikarudi, naye akaja, nikarudi tena, watu wakapaza sauti "Mwalimu, shimo," lakini ndani ya ile barakoa mimi nilisikia "Mwalimu, simama," nikasema moyoni sisimami ng'o, nikarudi hatua moja kubwa.

Mguu mmoja ulizama wote hadi pajani, ule wa pili ukabaki juu, na suruali yangu ya tetroni, suruali ya kanisani, ilipasuka mbele ya wazazi, wanafunzi na mabingwa wa kimataifa. Shimo lenyewe nililipima mwenyewe. Nilikuwa nimewasisitizia watoto wachimbe kina kirefu.

Kicheko cha siku ile kilisikika hadi bonde la pili. Hata Mzee Singano alitoa leso akafuta macho. Wakanitoa, mwenye ndevu akinivuta mkono mmoja na yule mzee wa maswali mwingine, kisha wageni wakacheza wao kwa wao, na kusema haki lilikuwa jambo la kutazama. Ilona alikuwa kama maji, huyu hapa, huyu kule, wale wavulana wawili hawakumweza, na wasichana wa darasa langu waliacha kucheka wakawa wanatazama midomo wazi.

Katikati ya makofi nilimwona Bibi Rebeka ameinuka. Aliiburuta nguzo yake hadi kwenye shimo nililotumbukia, akaisimamisha, akaanza kurudishia udongo kwa mguu, peke yake. Ilona akavua barakoa, akaniuliza bibi anafanya nini. Safari hii nilitafsiri yote, kashamba, kikapu kimoja, debe, nguruwe. Akaweka kitara juu ya majani, akaenda akaishika ile nguzo.

"Mwambie asiishike kama mkuki," akasema Bibi Rebeka. "Aikumbatie."

Nikamwambia. Akaikumbatia, na nguo yake nyeupe ikawa na udongo mwekundu kifuani. Wavulana wakaja, mwenye ndevu naye akaja, na kijiji chote kikashika kazi, maana mashimo yalikuwepo, nguzo zilikuwepo, kamba zilikuwepo. Siku zote hatukuwa tumekosa kitu isipokuwa wa kuanza. Mimi nilifanya kazi nimejifunga kanga ya mtu kiunoni, sikumwuliza ni ya nani.

Tulimaliza upande mmoja kabla Landrova haijaondoka. Jioni nguruwe wakapitia upande wa pili, sitawadanganya. Lakini wiki zilizofuata tuliziba kote kwa nguzo na matawi ya miiba, bila uzi mmoja wa seng'enge, na mashimo yaliyobaki Mzee Singano aliamua nichimbe mimi, kila baada ya masomo, "kwa kuwa mafundi ni wako." Bibi Rebeka alivuna mwaka ule. Aliniletea maharage nyumbani, akanikabidhi mkononi, nikashindwa kumtazama usoni.

Tangu siku ile nina nadhiri: neno nisilolijua naliuliza, hata kama ukumbi mzima unanitazama. Juzijuzi tu alikuja bwana mmoja kijana kutoka mjini, amevaa tai, akatuhutubia kwenye kikao kuhusu mradi fulani, na kila baada ya sentensi mbili anatia neno moja la Kiingereza, refu, tamu, na wazee wote wanatikisa vichwa. Nikanyoosha mkono. Nikasema, samahani mwanangu, hilo neno maana yake nini?

Akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa adabu sana, kwamba hata yeye alikuwa anaogopa kuuliza.