Ramani ya Theluji

Mwaka wa pili wa vita nilikuwa nafundisha darasa la sita ng'ambo ya mto Nyabugogo, nikiishi mtaa wa Muhima na mama yangu. Wiki ile mwanafunzi mmoja aliniuliza kama katika nchi zetu za joto kuna mahali theluji inaanguka kila mwaka, au ni mambo ya Ulaya tu. Shule haikuwa na ramani ya ukutani. Nikachora yangu kwenye karatasi kubwa: Kilimanjaro, Ruwenzori, Mlima Kenya, na Karisimbi yetu, ambayo asubuhi nyingine huamka na kilele cheupe. Kila mlima niliuandikia urefu wake na kuuzungushia penseli nyekundu.

Jioni, narudi nyumbani, nikakuta askari wameweka bariyeri mpya darajani, gogo limelazwa njiani. Askari kijana aliikunjua karatasi, akaitazama, akanitazama mimi.

"Nani amekutuma uchore milima ya mpakani?"

Wapiganaji wa waasi walikuwa kwenye milima hiyo hiyo, na Karisimbi nilikuwa nimeizungushia duara jekundu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ni somo la theluji," nikasema.

"Theluji? Rwanda hii?"

Akatia kitambulisho changu mfukoni, akanikalisha chini kando ya barabara, karibu na mwanamume mmoja aliyevaa koti la kazi la fundi. Wanawake ninaonunua kwao mboga walipita wakitazama mbele. Siwalaumu, hata mimi nilishawahi kupita hivyo.

Jua lilikuwa linazama alipokuja sajini, mtu mzima, karatasi yangu mkononi.

"Mwalimu, nieleze hiyo theluji."

Nikaeleza. Kadiri unavyopanda, baridi inazidi. Kilimanjaro na Ruwenzori zina barafu mwaka mzima ingawa ikweta iko karibu. Karisimbi theluji inaanguka, lakini haikai.

"Inayeyuka saa ngapi?"

Sikuwahi kufika huko. Nilitaka kubuni saa yoyote, kisha nikaona akinisubiri kwa utulivu mno.

"Sijui. Nimesoma kitabuni tu."



"Saa nne asubuhi imeshakwisha," akasema. "Nimezaliwa chini ya mlima ule. Tulikuwa tunaitazama tukichunga ng'ombe."

Akachana pembe yenye Karisimbi, akaitia mfukoni, akanirudishia karatasi iliyobaki pamoja na kitambulisho.

"Wafundishe ya Tanzania."

Nikasimama. Fundi alikuwa ananitazama.

"Na huyu, mkuu?" nikauliza.

"Nenda nyumbani, mwalimu."

Nikaenda. Mama aliniuliza mbona nimechelewa, nikamwambia tulikuwa na mkutano wa walimu. Asubuhi nilipita tena darajani. Askari walikuwa wengine, na mahali tulipokuwa tumekaa hapakuwa na mtu. Sikuuliza.